Wauguzi wa Kaskazini Watatoka Wapi?

Watu wanapozungumza juu ya upungufu wa wauguzi hupenda kutaja hesabu, na hesabu zenyewe si ndogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2020, lilisema kwamba dunia ilikuwa na wauguzi wapatao milioni 27.9, na kwamba walihitajika wengine milioni 5.9. Lakini katika Kenya hesabu peke yake haielezi jambo lote. Wako wauguzi wengi waliohitimu ambao hukaa nyumbani wakingoja kuajiriwa, hata ikawa mwaka 2021 Serikali ilifanya mapatano na Uingereza ili baadhi yao wapate kazi huko. Na wakati huo huo ziko zahanati huko Turkana, Marsabit na Mandera ambazo hutegemea mwuguzi mmoja tu. Siku akienda mjini kuchukua dawa, au akiugua mwenyewe, mlango haufunguliwi.

Basi yafaa kuuliza wauguzi hao hutoka wapi, na kwa nini hawakai.

Wengi hutoka mbali, katika sehemu zile ambazo misheni zilijenga shule na hospitali tangu zamani. Kijana aliyezaliwa Nyeri au Vihiga akipelekwa kaskazini huweza kufanya kazi kwa moyo wote. Hata hivyo jamaa zake wako mbali, maji ni ya chumvi, lugha haijui, na haupiti muda mrefu kabla hajaandika barua ya kuomba uhamisho. Makarani wanazijua sana barua hizo. Maneno yake hufanana kama kwamba zimenakiliwa.

Tena iko hofu. Mwezi wa Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi lililokuwa limetoka Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi kwao kwa likizo. Siku chache baadaye watu 36 wakauawa katika machimbo ya mawe karibu na mji huo. Walimu na wauguzi wengi wa kutoka sehemu nyingine wakaondoka, na ni nani awezaye kuwalaumu? Kazi ikawaangukia wale ambao Mandera ndiko kwao, nao walikuwa wachache.

Lakini kukaa ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili ni kusikilizana. Mwanamke wa Kirendille aliyekulia kwenye malisho ya ngamia huenda asijue Kiswahili wala Kiingereza. Akifika zahanati na uchungu wa kuzaa, mkalimani wake huwa ni mume, au mama mkwe, au mtoto aliyefika darasa la nne. Ni neno gani la siri ambalo mwanamke atakubali kulipitisha katika kinywa cha mama mkwe wake? Mwuguzi huuliza damu ilianza kutoka lini. Swali huzunguka watu watatu, na jibu hurudi limepunguka. Katika mambo ya uzazi jibu lililopunguka laweza kuua. Wako pia wanawake ambao, wakisikia kwamba mwuguzi ni mwanamume, huona afadhali wazalie nyumbani.

Husemwa kwamba desturi za wafugaji hazimruhusu binti kufanya kazi hii. Wasemao hivyo wamesahau habari za kwao. Katika hospitali za misheni za mwanzo, waliofundishwa kufunga vidonda walikuwa hasa vijana wanaume, wale walioitwa madresa, kwa kuwa wazazi wengi hawakukubali binti alale mbali na kuwaosha wagonjwa wasio ndugu zake. Mawazo hayo yalibadilika, na leo watu huuona uuguzi kuwa kazi ya wanawake tangu kuumbwa kwa ulimwengu.

Na kaskazini yenyewe imekwisha kutoa mfano. Mwezi wa Mei 2022, Bibi Anna Qabale Duba, mwuguzi wa Marsabit, alipewa huko Dubai tuzo ya kimataifa ya uuguzi iitwayo Aster Guardians, yenye dola 250,000. Alisifiwa kwa kupinga ukeketaji na ndoa za utotoni, na kwa kuanzisha shule katika kijiji chake, ya watoto na ya watu wazima pia. Mgeni angeweza kusema maneno yale yale, lakini angesikilizwa kama mgeni.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2010, na tena mwaka 2021, kwamba wanafunzi wa afya watafutwe katika vijiji vyenye upungufu, na vyuo vijengwe nje ya miji mikubwa. Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya kina matawi Garissa na Lodwar. Jambo hilo ni jema, ingawa jengo halimchagui mwanafunzi. Huchaguliwa kwa alama za kidato cha nne, na Baiolojia haisomwi vema katika shule isiyo na maabara.

Liko neno moja la kuangaliwa. Tangu mwaka 2013 kaunti ndizo zinazowaajiri wauguzi wengi, na ni rahisi shauri hili ligeuzwe kuwa kisingizio cha kumfukuza kila asiye mwenyeji. Hilo silo linalotakiwa. Mwanamke wa Kisomali huzaa Pumwani, Nairobi, vile vile kama azaavyo Wajir, naye hukutana na taabu ile ile ya mkalimani. Mwuguzi aliyetoka Wajir anahitajiwa huko pia, wala wa Vihiga hajakatazwa kwenda Wajir. Kwa sasa binti wa Wajir aliye katika shule ya sekondari anahitaji karo ya muhula ujao, na mwalimu wa Kemia.