Baba Anatafuta Mji Mkavu

Watu wengi wakisikia neno kustaafu humfikiria mwalimu, askari au karani, yaani mtu mwenye barua ya ajira, tarehe ya mwisho wa kazi na pensheni inayomngoja. Ni nadra mtu kumfikiria dereva wa pikipiki. Hapa kwetu Rwanda tunamwita motari. Kenya, Uganda na Tanzania ni bodaboda. Motari haagwi kwa sherehe. Siku moja mgongo unakataa, au macho yanashindwa na taa za usiku, na kesho yake kijiweni pale pale anasimama mtu mwingine. Insha hii inamhusu motari mmoja, baba yangu, aliyeamua kuchagua mahali pa kuzeekea kabla mgongo haujamchagulia.

Tunaishi Kabuga, ukingoni mwa mashariki wa jiji la Kigali, katika sekta ya Rusororo, wilaya ya Gasabo. Barabara kuu inayotoka mjini hupita hapa ikielekea Rwamagana na Kayonza. Pale Kayonza hugawanyika: tawi moja linashuka kusini hadi Rusumo, mpakani na Tanzania, na jingine linapanda kaskazini hadi Kagitumba, mpakani na Uganda. Baba alianza kubeba abiria mwaka 2004 kwa pikipiki ya mtu, akipeleka hesabu kwa tajiri kila jioni. Yake mwenyewe aliinunua mwaka 2010. Nimesomeshwa na pikipiki hiyo na zile zilizoifuata, na sasa baba ana miaka 49.

Ukitaka kumjua motari, muulize habari za mvua. Nchi yetu ina misimu minne nayo ina majina yake ya Kinyarwanda: umuhindo, mvua za Septemba hadi Desemba, urugaryi, ukavu mfupi wa Januari na Februari, itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei, na impeshyi, kiangazi cha Juni hadi Agosti. Mkulima huihesabu kwa mavuno. Baba huihesabu kwa magoti. Mvua ikinyesha abiria hujificha, naye husimama kwenye baraza la kituo cha mafuta pamoja na wenzake, mikono kwapani, siku ikipita bila fedha. Ikipungua hurudi barabarani, na hapo ndipo hatari ilipo. Barabara za udongo mwekundu zinazopanda vilimani huteleza kama sabuni, breki huchelewa, na abiria nyuma anahimiza kwa sababu na yeye amechelewa. Baridi huingia kwenye viungo na haitoki. Miaka ishirini na moja ya namna hiyo haiwezi kufutwa kwa dawa ya kuchua.

Kwa hiyo sikushangaa baba alipotangaza mezani kwamba anataka kustaafia mahali pakavu, kwenye tambarare, ambako mtu anaweza kuliona wingu likija kutoka mbali. Rwanda haina jangwa. Kwa kipimo chetu, nchi kavu ni upande wa mashariki: Bugesera, Kirehe, Kayonza na hasa Nyagatare, ambako mvua ni kama milimita 800 kwa mwaka. Baba alikuwa ameshachagua jina. Alisema, "Nyagatare."

Matamanio hayo si yake peke yake. Huko Marekani, katika jimbo la jangwa la Arizona, mji wa Sun City ulifunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya wastaafu, na hadi leo wazee wengi huhamia jimbo hilo wakikimbia theluji na baridi. Lakini jiji la jirani, Phoenix, hupata sehemu ya maji yake kutoka Mto Colorado, kwa mfereji unaovuka jangwa kwa zaidi ya kilomita 500. Nilipomweleza baba habari hiyo, mama ndiye aliyeinua kichwa. Aliuliza, "Na sisi mfereji wetu uko wapi?"

Kabla ya swali la mama kulikuwa na la ukoo. Baba ni mzaliwa wa Ngororero, magharibi, ambako vilima vimesimama wima na ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi. Huko ndiko liliko shamba aliloachiwa na babu. Baba mkubwa hakuelewa kabisa: mtu kwao, na mzee hurudi kwenye mlima wa baba yake. Ni hoja nzito, nami naiheshimu. Lakini usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilipiga magharibi na kaskazini mwa nchi. Mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 katika wilaya kama Rutsiro, Rubavu, Karongi na Ngororero. Kwetu hakufa mtu. Sehemu ya shamba la babu, pamoja na migomba yake, ilishuka bondeni. Baba alikwenda kuangalia, akarudi, na hakusema mengi. Alichosema ni kwamba mlima ukishakuonyesha unavyoteremka, usingoje ukuonyeshe mara ya pili.

Basi mjadala ukanifikia mimi, na hapo ndipo jambo hili lilipokuwa langu. Ninasoma elimu na lugha ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Rwanda, kampasi ya Rukara, wilayani Kayonza, katika njia hiyo hiyo ya kwenda Nyagatare. Katika familia yetu ni mimi peke yangu niliyewahi kuishi mashariki kwa misimu yote minne. Baba aliniambia, "Mwanangu, wewe umekaa huko. Sema ukweli. Panafaa?" Haikuwa rahisi kujibu. Nikisema panafaa, mama anaweza kuacha kibanda chake cha mboga katika soko la Kabuga kwa neno langu. Nikisema hapafai, baba atabaki na magoti yake kwenye baridi.

Nikaamua kumweleza niliyoyaona. Mashariki hewa ni nyepesi na jua halina aibu. Nguo zikianikwa asubuhi, mchana zimekauka. Barabara ya lami ni nzuri, milima mikali haipo, na hospitali zipo: ya Gahini iko karibu na Rukara, na Nyagatare ina ya wilaya. Watu wake wamezoea wageni, kwa sababu wengi wao wenyewe walifika kutoka kwingine. Sehemu kubwa ya ardhi ile zamani ilikuwa nchi ya wanyamapori. Hifadhi ya Akagera iliyoanzishwa mwaka 1934 ilipunguzwa sana mwaka 1997, ili kuwapatia ardhi watu waliorudi nchini baada ya 1994, wengi wao wakitokea Uganda pamoja na ng'ombe wao. Huko hakuna atakayemuuliza baba mlima wa babu yake ni upi. Na Kiswahili, kilichofanywa lugha rasmi ya nchi yetu mwaka 2017, utakisikia kwa madereva wa malori wanaopita kati ya mipaka ile miwili.

Halafu nikamweleza upande wa pili. Kiangazi vumbi huingia hadi ndani ya sanduku la nguo. Hukausha mnyororo wa pikipiki, huziba chujio la hewa, na kifua nacho ni chujio. Malaria ni nyingi kuliko milimani. Ukame ukikaza, kama mwaka 2016, malisho hukauka na mahindi hayafiki kimo cha mtoto. Na mwezi Agosti, pale ninapopanga chumba, dumu la lita 20 hutafutwa mapema asubuhi na bei yake hupanda. Mama alipofika hapo katika maelezo yangu alikunja kanga akasema, "Miaka ishirini nimeolewa na pikipiki. Sasa unataka niolewe na dumu?"

Tulicheka, lakini swali lilibaki pale pale. Likizo iliyofuata, mwezi Agosti, baba alinibeba kwa pikipiki yake hadi Nyagatare. Tulichagua Agosti kwa makusudi, kwa sababu mahali pakavu paonwe pakiwa pakavu kweli. Baada ya Kayonza alinyoosha miguu kidogo, akaendesha kwa mwendo ambao Kigali hauwezekani. Sikuwahi kumwona ameegemea namna ile. Pembeni ng'ombe wenye pembe ndefu walikuwa wakielekea kwenye mabwawa ya kunyweshea, na maji ya mabwawa yenyewe yalikuwa yamerudi katikati, yakiacha ukingo wa tope lililopasuka. Baba aliviona vyote viwili.

Tuliporudi Kabuga nilichukua daftari, tukafanya hesabu watatu, mimi, baba na mama. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja ya maji. Nyumba ndogo yenye paa la mita 50 za mraba, kwa mvua ya milimita 800, hupokea lita 40,000 kwa mwaka. Tukatoa moja ya tano kwa yale yanayomwagika na yanayokauka, zikabaki 32,000. Gawanya kwa siku 365: ni madumu manne kwa siku na kidogo juu yake. Mama alinyamaza. Hakutarajia kwamba nchi kavu inaweza kumpa mtu madumu manne kila siku bila kwenda kisimani.

Lakini mvua hainyeshi kwa mgao wa siku. Tangi la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa Mei, na tukitumia lita 80 kwa siku, linakauka mwanzoni mwa Agosti, wakati kiangazi bado kina nguvu. Matangi mawili yangetufikisha mwanzoni mwa Oktoba, na kwa kawaida mvua za umuhindo huwa zimeshaanza. Baba akakumbuka ng'ombe wake mmoja wa maziwa ambaye amemwota tangu zamani. Ng'ombe wa namna hiyo hunywa madumu mawili au zaidi kwa siku. Mama akahitimisha: "Matangi mawili kwanza, nyumba baadaye. Na ng'ombe wako anywe kwa jirani." Tukakubaliana juu ya mbuzi.

Tangu siku ile naona kwamba mji wa kustaafia hauchaguliwi kwa kuangalia mvua inayonyesha. Huchaguliwa kwa kuangalia mvua unayoweza kuiweka. Ngororero mvua ni nyingi, nayo imechukua shamba. Nyagatare ni kidogo, lakini inaweza kutosha wazee wawili wenye matangi mawili. Na motari analijua jambo hili kuliko mwajiriwa, kwa sababu fedha yake nayo huja kama mvua: leo nyingi, kesho hakuna, na mwisho wa mwezi hakuna mshahara wa kusawazisha. Uzee ni kiangazi chake kirefu. Asiyekuwa na tangi hata akikaa Kabuga, kando ya soko na barabara, atakuwa jangwani.

Kwa upande huo baba ana kitu. Mwezi Desemba 2018 nchi yetu ilizindua Ejo Heza, maana yake kesho njema, mpango wa akiba ya muda mrefu unaosimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya Rwanda. Mpango huo uliwalenga hasa watu wasio na ajira rasmi, kama wakulima, wachuuzi na mamotari, na serikali iliahidi kuongeza kidogo juu ya akiba ya wenye kipato cha chini. Mwanachama anaweza kuanza kulipwa akifika miaka 55. Baba aliingia mwaka uliofuata, na hutuma kwa simu kiasi kidogo kila wiki isiyo na mvua nyingi. Akiba haiozi, ila haijai haraka. Bado ana miaka sita, na miaka hiyo ina gharama zake: tangu Januari 2025 pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali zinatakiwa ziwe za umeme, na yake ni ya petroli inayozeeka pamoja naye. Akinunua ya umeme atafute vituo vya kubadilishia betri, ambavyo hupungua kadiri unavyoliacha jiji. Asiponunua, ombi lake ni kwamba hii iliyopo isimwangushe kabla ya miaka 55.

Mimi nitakuwa mwalimu, Mungu akipenda, na nitakatwa pensheni mwezi wa kwanza tu wa kazi bila kuulizwa. Zamani niliona ni jambo dogo la kwenye karatasi ya mshahara. Leo nikimtazama baba akihesabu noti zenye unyevu jioni, akitenga ya petroli, ya chakula, ya ada yangu, na kisha ile ndogo ya mwisho, najua kwamba tofauti yetu haiko kwenye bidii. Mimi mtu mwingine atanijengea tangi. Yeye analijenga mwenyewe, bati moja moja, akiwa barabarani.

Kiwanja cha Nyagatare hakijanunuliwa. Baba mkubwa hajaridhika bado, na baba humpigia simu kila Jumapili bila kugusa habari hiyo. Kilichonunuliwa ni tangi moja la lita 5,000, jeusi, lililosimama nyuma ya nyumba yetu hapa Kabuga. Mama analitumia kuoshea mboga zake za sokoni. Ameshamwambia baba kwamba siku ya kuhama, kitu cha kwanza kupakiwa kwenye lori ni hilo.