Staa alitaka tenki la petroli liwekewe taa ndani ya gari, nikamuuliza kiti cha mtoto kinakaa wapi

Mhusika jina kapuni, ila ni msanii mnayemsikia redioni karibu kila siku. Alikuja gereji na Subaru Impreza, ile ambayo buti na viti vya nyuma ni chumba kimoja. Injini kaiongezea nguvu, na tatizo ni moja: mafuta yakibaki robo, akikata kona kwa kasi gari inamisi.

Hilo linaeleweka. Kwenye kona mafuta yanakimbilia upande mmoja wa tenki, pampu inavuta hewa. Dawa yake ni tenki dogo la lita mbili hivi, wenyewe tunaliita sarji tenki. Pampu ya tenki kubwa inalijaza muda wote, pampu ya pili inachukua mafuta chini yake kupeleka kwenye nozeli, yanayozidi yanarudi yalikotoka.

Sasa bwana, staa wetu kaona video za majuu. Anataka tenki likae kwenye buti, ling'ae, lifunikwe plastiki ya kuonyesha, na taa za rangi juu. "Fundi, watu wakifungua buti washangae!" Nikamuuliza, "Bosi, kiti cha mtoto kinakaa wapi?" Akanyamaza kidogo. Kilikuwa pale pale nyuma, mkono mmoja tu kutoka anapotaka tenki likae.

Nikamweleza hivi. Tairi unajaza upepo kama PSI 30. Mafuta kwenye mpira ule yanasukumwa kwa PSI 40 na kitu. Klipu ikilegea, yanaruka. Na petroli yenyewe siyo lazima ikumwagikie: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unashuka sakafuni na kujikusanya. Ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hewa ya mle ndani, cheche moja inatosha. Plastiki yake ya kuonyesha inaungua vizuri tu. Ndiyo maana kanuni za FIA za magari ya mashindano zinataka ukuta usiopitisha moto wala majimaji kati ya tenki na watu.

Mahali pazuri zaidi pa tenki hilo ni nje, chini ya gari. Kwake nafasi haikuwepo, hivyo nikasema nalifungia kwenye boksi au achukue gari lake. Alinuna, akalalamikia bei na siku, mwisho akakubali.

Boksi ni la bati la alumini, limechomelewa kona zote. Mfuniko una bolti kila sentimita tano, na gasketi ya mpira unaostahimili petroli. Silikoni ya kawaida usithubutu, petroli inailainisha. Mipira ya mafuta haipiti kwenye tundu tupu, inaingia kwa nati za kupitisha ukutani. Waya nazo zina viziba vyake, fyuzi na relei zinabaki nje ya boksi. Nikaweka swichi inayokata umeme wa pampu gari likigonga. Boksi lenyewe limefungwa kwenye sakafu kwa bolti, na chini kuna vipande vya chuma ili lisichomoke.

Halafu kitu ambacho wengi wanakiruka: bomba la kutoa. Pale chini kabisa ya boksi linatoka bomba, linapita sakafuni hadi nje, mbali na ekzosi. Boksi lisilo na njia ya kutolea linakusanya tu hatari sehemu moja. Kabla ya petroli nilimwaga maji ndani. Yote yalitoka chini ya gari, kapeti halikupata hata tone. Ndipo nikakausha na kufunga.

Miezi kadhaa baadaye akanipigia usiku: "Kaka, gari linadondosha petroli nje." Nikamwambia asiliwashe kabisa. Asubuhi nikakuta klipu moja ndani ya boksi imelegea. Boksi limelowa, ila kiti cha mtoto kikavu na ndani ya gari hakuna harufu kabisa. Dogo alikuwa amepanda humo jioni ile ile akitoka shule.

Klipu ni kitu cha kubana, nikabana. Habari ya taa za rangi hajaigusa tena mpaka leo.

Wadau wenye magari yaliyoongezewa nguvu, fungueni mabuti yenu leo. Mafuta yakivuja hapo, yanaenda wapi?