Mgeni wa bahari aliyekataa kula Kisumu Ndogo

UKISHUKA matatu kituo cha Olympic, mpenzi msomaji, kisha ukafuata vichochoro vinavyoteremka kuelekea reli, pua itakuarifu kwamba umefika Kisumu Ndogo kabla hujauliza mtu. Hapa omena wanakaangwa, pale mgongo wazi umepangwa mezani, na akina mama wanabishana bei na wateja.

Nairobi ina Kisumu Ndogo zaidi ya moja, hii ya Kibera na ile ya Korogocho. Reli ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na waliotoka huko kutafuta kazi mjini walikuja na jina la nyumbani, pamoja na mapishi yake.

Katika mtaa huu unaojua sana samaki wa kuliwa, nilikwenda kumtazama samaki asiyeliwa.

Mwenyeji wangu ni fundi wa vioo. Katika chumba kimoja cha mabati hutengeneza matangi ya samaki wa mapambo. Jumamosi hiyo alikuwa amepokea mfuko wa plastiki kutoka Mombasa, na ndani yake samaki mmoja wa urefu wa kidole, mwili buluu iliyokolea, mgongo rangi ya machungwa. Wataalamu humwita Centropyge acanthops. Makao yake ni miamba ya matumbawe ya pwani yetu, ambako huchokora mwani na kujificha penye mianya.

Kulikuwa na mteja aliyemwagiza, lakini kwa sharti moja: angemchukua baada ya wiki nne, akiwa mzima na anakula. Fundi alikuwa amemnunua kwa pesa za karo ya mwanawe.

"Mwezi uliopita mwingine alinifia," aliniambia kwa sauti ya chini. "Hakuwa na ugonjwa. Ilikuwa njaa."

Wiki hizo nne za karantini zina maana. Samaki wa baharini huweza kuja na vijidudu vya ugonjwa wa madoa meupe. Vijidudu hivyo humwacha samaki, vikatulia chini ya tangi kwa siku au hata wiki kadhaa, kisha vikazaliana na kumrudia. Ukimwingiza mgeni moja kwa moja kwa wenzake, unaweza kuwapoteza wote.

Fundi aliuelekeza mfuko juu ya maji ya tangi la lita 60, ukaelea kwa robo saa mpaka joto likalingana. Kisha akamhamisha samaki peke yake, na maji ya mfuko akayamwaga nje. Maji ya safari hujaa uchafu wa samaki mwenyewe, na mfuko ukishafunguliwa uchafu huo hugeuka sumu kali zaidi.

Tangi halikuwa na mchanga. Lilikuwa na sponji iliyokaa wiki nyingi katika tangi jingine, ili iwe na bakteria wa kusafisha maji, na vipande viwili vya bomba la plastiki. Maji yalikuwa ya bahari, yaliyoletwa kwa mitungi ya lita 20. Chumvi ya mezani, alinionya, haifai kabisa. Pande tatu za kioo zilifunikwa kwa magazeti makuukuu, na nikaona makala yangu moja imepata kazi.

Samaki aliingia bombani, akatoweka. Nikagonga kioo kidogo kwa ukucha.

"Dada," fundi akanizuia, "hapa mtaani mtu aliyefika jana hagongewi mlango alfajiri."

Jumanne niliporudi, alikuwa hajala. Vipande vya kamba vilikuwa vimetolewa kwa mpira, maana chakula kilichobaki huoza na kuchafua maji. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu ilipita, na hata pua hakuitoa nje.

Alhamisi jioni nilikuwapo stima ilipopotea. Kwa samaki wa Mombasa, Nairobi ni mahali pagumu. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, na katika mwinuko huo maji hushika hewa kidogo kuliko pwani. Tena usiku wake ni baridi, naye amezoea nyuzi 26 hivi. Fundi aliwasha pampu ya hewa ya betri na kulifunika tangi kwa blanketi. Kisha akambishia hodi jirani yake, mama muuza omena.

Mama alikuja na chupa mbili za maji moto kutoka jikoni kwake. Tukazielekeza tangini zikiwa zimefungwa, zikaelea.

"Mwanangu, samaki huyu kweli hataliwa?" mama aliuliza.

"Hataliwa, mama. Shida ni kwamba hata yeye hali."

Mama hakucheka. Alisema alipofika Kibera kwa treni ya usiku, yeye pia hakula siku mbili. Watu walimletea mkate na chai, akashukuru na kuviacha. Siku ya tatu jirani alileta ugali na omena, akaviweka karibu na mlango, akaenda zake. "Nikala vyote," alisema, "kwa sababu hakuna aliyekuwa akinitazama."

Tayari fundi alikuwa ameanza kuangua mayai ya artemia, uduvi wadogo mno, katika chupa ya soda yenye maji ya chumvi na mrija wa hewa. Huanguliwa kwa siku moja au mbili. Uduvi hao si wageni kwetu, kwani walipandwa katika mashamba ya chumvi ya pwani, kaskazini mwa Malindi, miaka ya 1980. Kwa samaki mwoga, chakula kinachotembea huamsha njaa kuliko kipande kilichokufa.

Jumapili asubuhi fundi aliwamimina uduvi karibu na bomba, akazima taa, na sote tukasogea hadi mlangoni. Zikapita dakika kumi. Kichwa cha rangi ya machungwa kikachungulia, kikadona mara moja, kikarudi. Kikatoka tena. Fundi alinishika mkono, hakusema neno.

Kutoka hapo alilishwa kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Uduvi wakachanganywa na kamba aliyekatwakatwa, halafu mwani uliofungwa kwenye jiwe. Wiki nne zilipotimia hakuwa na doa, na mteja alilipa bei waliyopatana.

Pamoja na samaki, fundi alimpa mteja kile kipande cha bomba. "Mwekee usiku wa kwanza," alimwagiza. "Na chakula usimpe mpaka aone mlango wake uko wapi."