Chokaa ipi? Kosa langu la Njombe

Ndugu mfugaji, mara nyingi mnaniuliza kwa nini bwawa linatiwa samadi miezi miwili na maji bado yanang'aa kama ya chemchemi. Jibu ninalo. Lakini jibu hilohilo liliwahi kuua samaki wa mama mmoja kule Njombe, na nilimpa mimi mwenyewe kwa simu.

Bwawa lake lilikuwa la mita 20 kwa 10, lina vifaranga 400 vya perege. Udongo wa kule una asidi. Nilikuwa nimeshapima maji: alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuizima asidi, ilikuwa chini ya mg 20 kwa lita. Kwenye maji ya namna hiyo fosforasi ya samadi hunaswa na tope, mwani hauoti, na samaki hudumaa. Tiba yake ni chokaa. Nikamwambia, "Mama, tia chokaa kilo 40," nikakata simu. Nilikuwa kwenye pikipiki na mvua inakuja.

Akaenda duka la vifaa vya ujenzi, akanunua chokaa ya kupaka ukutani. Jioni akaimwaga yote, samaki wakiwa ndani.

Nilipofika asubuhi walikuwa wameelea. Hakunigombeza. Alisema tu, "Bwana samaki, si ulisema chokaa?" Sikuwa na la kujibu.

Ile ya ukutani imechomwa tanuruni kisha ikazimwa kwa maji. Ukiitia nyingi, pH hupanda kwa kasi hadi kupita 11, na hapo samaki haponi. Hiyo iache kwa bwawa tupu, pale unapotaka kuua wadudu na magonjwa. Chokaa ya kilimo ni jiwe lililosagwa tu, halikuchomwa. Huyeyuka polepole, na hata mkono ukiteleza kidogo haiui. Ukipata ya dolomaiti chukua, ina magnesiamu pamoja na kalsiamu.

Bwawa kama la yule mama, kilo 40 za chokaa ya kilimo ni kianzio kizuri. Kausha bwawa, itawanye sakafuni na kwenye kingo za ndani, jaza maji, ngoja wiki mbili ndipo utie samadi. Mbolea ya fosfeti usiitie siku moja na chokaa, kalsiamu itaishika yote. Na kama maji yako yanaingia na kutoka usiku na mchana, ziba kwanza. Vinginevyo unautilia mto chokaa.

Vifaranga vipya nilimlipia mimi, kwa awamu tatu, maana mshahara wenyewe mnaujua. Mwezi uliopita akanitumia picha ya mfuko akiwa bado dukani: "Bwana samaki, ndiyo hii?"

Haikuwa yenyewe.