Namba Nisiyoijua

Desemba ile tulitoka Moshi mjini tukapanda Kilema kwa wakwe kula Krismasi, nyumba imejaa watoto. Mara namkuta mtoto wa wifi, miaka sita, kavuta begi la mume wangu kutoka uvunguni. Ndani bastola! Jamani, moyo ulinipasuka paa!

Usiku tuligombana kwa kunong'ona. "Baba Neema, leseni unayo. Sefu je?"

Januari tukanunua. Fundi akatufunza: sefu nyepesi mwizi huibeba nzima, hivyo ifungwe kwa bolti kwenye zege. Kama ni ya betri, iwe na ufunguo wa dharura. Na namba isiwe tarehe ya ndoa!

Mimi nikaitaka namba. Ndoa gani ya siri? Akanikumbusha Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015: leseni ina jina lake, si langu. Nikanywea.

Leo tuna sefu mbili. Yenye hati ya kiwanja na dhahabu zangu tunaifungua wote. Ya bastola, yeye tu.

Mpenzi msomaji, kuaminiana si kujua kila namba. Krismasi iliyofuata bastola ilibaki mjini, imefungiwa. Kule Kilema watoto walivuta mabegi wee, nami nikaendelea kumenya ndizi.