Kabla Uulize Kama Alikuwa Anakunywa

"Kwani alikuwa anakunywa?" Swali la kwanza huwa ni hilo. Ukisema anko wako ana sirosisi ya ini na tumbo limejaa maji, watu wanataka kujua kama ni chupa ndio waamue watamhurumia kiasi gani. Ukijibu hapana, hajawahi kuonja hata busaa, wanahamia upande wa pili: basi amerogwa. Katikati hakuna kitu.

Wasee, katikati kuna watu kibao. Anko wangu, ndugu mdogo wa mama, ana homa ya ini aina ya B. Ni virusi, na vilikaa ndani miaka mingi bila kelele, vikiliachia ini makovu kidogo kidogo. Kando ya Ziwa Victoria na kule Mwea kuna kichocho cha matumbo, ambacho kinaweza kuziba mishipa ya ini mpaka mtu atapike damu, na baa hajaikaribia. Na tuseme basi ni pombe: ataambiwa aache, lakini maji ya tumboni yatatibiwa vile vile. Aibu haipunguzi hata lita moja.

Damu ya kutoka tumboni na kwenye matumbo hupitia mshipa mmoja mkubwa kuingia kwenye ini. Ini likijaa makovu, ni kama Thika Road kukiwa na ajali: magari yanazidi kuja na njia imebana. Presha inapanda kwenye mshipa huo, ilhali ukipimwa mkononi unaweza kukuta presha iko chini. Figo nazo zinadanganyika, zinadhani mwili umeishiwa damu, zinaanza kushikilia chumvi. Chumvi ikibaki, maji yanabaki nayo na kuvuja hadi tumboni. Gramu 9 hivi za chumvi zinatosha kushikilia lita nzima.

Ndiyo maana kutoa maji kwa sindano si kupona. Siku anko alitolewa lita 7, kwao kulikuwa kama sherehe. Tumbo limelala, anapumua, anaomba chapati. Ukitolewa zaidi ya lita 5 unahitaji kuwekewa albumini kwenye mshipa, kama gramu 8 kwa kila lita iliyotoka, la sivyo figo zinaweza kugoma. Kwa lita 7 hizo ni karibu chupa tatu za gramu 20, na bei ilipotumwa, grupu ya WhatsApp ya familia ilinyamaza ghafla. Zikachangwa hatimaye. Wiki tatu baadaye maji yakawa yamerudi, na mama mdogo mmoja akasema si mnaona, huu ni mkono wa mtu.

Haukuwa mkono wa mtu. Vidonge vilikuwa chini ya godoro.

Dawa kuu ya maji haya ni spironolaktoni, mara nyingi pamoja na furosemaidi, ile wengi wanaijua kama Lasix. Inafanya kazi, ila kwa wanaume wengine inavimbisha matiti na yanauma. Hakuna aliyemwonya. Mtu wa miaka 46, fundi wa magari, akaanza kuvaa jaketi saa saba mchana kwa kuogopa vijana wa gereji. Aliona afadhali tumbo. Mama ndiye aliyevipata vidonge na kumkalisha chini. Daktari alipoambiwa hata hakushtuka, akambadilishia dawa. Dakika tano tu, mazee! Yaani kilichokaribia kummaliza ni kunyamaza.

Siku hizi chumvi yake ni kijiko kimoja cha chai kwa siku, gramu 5, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, soseji na Royco. Ladha anatafuta kwa ndimu, dania na pilipili. Zile chumvi mbadala za potasiamu hapana, kwa sababu baadhi ya dawa za kutoa maji tayari zinapandisha potasiamu. Mayai na maharagwe anakula, sijui nani alieneza kwamba mgonjwa wa ini anyimwe. Kila asubuhi anapanda mizani na kuandika kilo kwenye kalenda. Kama miguu haijavimba, nusu kilo kwa siku inatosha, kwani kuyakimbiza maji kunaumiza figo.

Brufen na diklofenaki, ambazo sisi tunanunua kwa kemisti kama peremende, kwake ni marufuku. Zinaweza kuziangusha figo na kuleta kuvuja damu. Na akipata homa, tumbo likauma au akaanza kuchanganyikiwa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Maji yale huweza kuingiwa na bakteria, na kipimo chake ni kuvuta kidogo kwa sindano na kuhesabu seli. Kama hawajavuta, uliza. Kwa heshima, lakini uliza.

Presha ile ile pia huvimbisha mishipa ya umio, ile njia ya chakula, na ikipasuka ni damu ya beseni. Anko alipitishwa kamera, akafungwa mishipa miwili kwa raba ndogo. Wengine hupewa propranololi au kavedilolo kushusha presha hiyo. Hajawahi kutapika damu.

Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya homa ya ini B mwishoni mwa 2001, ndani ya ile chanjo ya magonjwa matano. Kama ulizaliwa kabla, kama mimi wa 1999, angalia kadi yako ya kliniki. Kipimo ni damu kidogo. Ukiwa huna virusi, chanjo ni sindano tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Ukiwa navyo unafuatiliwa, na ikihitajika kuna tenofoviri, kidonge cha kila siku cha kuvizuia. Kwetu tumepimwa watu kumi na mmoja. Wawili wanavyo. Mmoja wao ana miaka 24 na ini lake bado ni zima kabisa. Ameniambia nisitaje jina, na sijataja.