Yambuku: Sindano Tano za Kila Asubuhi

Ndugu msomaji, wewe unayekaa Kolwezi, Likasi, Kipushi ao Lubumbashi, leo tunakualika kwa safari ya mbali. Uache kidogo vumbi la njia ya machimbo na lile bomba refu la moshi linaloonekana toka kila kartye ya Lubumbashi. Twende kaskazini ya inchi yetu, kwenye pori kubwa. Huko kuna kijiji kimoja ambacho kila mzazi anayempeleka mtoto hospitalini angefaa kukijua.

Njia ni ndefu. Inakupasa kwanza kufika Kinshasa ao Kisangani, kiisha kushika mto Kongo mpaka kwenye bandari ya Bumba. Hapo Kiswahili chako hakitakusaidia sana, kwa kuwa watu wanasema Lingala. Ni inchi ya mchele, kahawa na mafuta ya ngazi. Toka Bumba unaacha mto na kupanda kaskazini, karibu kilometa 100 za njia ya udongo katikati ya miti. Mvua ikinyesha, gari linakwama na safari inakuwa ya siku, si ya saa. Mwisho unafika Yambuku: misioni ya Wakatoliki, kanisa, masomo, na hospitali.

HOSPITALI ILIYOPENDWA

Hospitali hiyo ilianzishwa na wamisionere Wabelgiji katika mwaka wa 1935. Mwaka wa 1976 ilikuwa na vitanda 120 na watumikaji 17, na kati yao masista watatu Wabelgiji waliofanya kazi ya uuguzi na uzalishaji. Munganga mwenye diploma ya chuo kikuu hakuwako.

Usifikiri kwamba ilikuwa hospitali iliyodharauliwa. Hapana! Watu walitoka mbali, kwa miguu, kwa sababu huko dawa zilipatikana. Kila mwezi walipita hapo wagonjwa kati ya 6.000 na 12.000. Hebu uwaze hesabu hiyo: watumikaji 17, wagonjwa elfu na elfu. Mama wenye mimba walikuja kupimwa, watoto wenye homa walibebwa mgongoni, wazee walikuja kwa ajili ya viungo. Na wengi walitaka kitu kimoja, kile ambacho hata kwetu kinaombwa kila siku: «Munganga, unipatie shindano. Vidonge haviniponyeshe.»

Sasa usikie neno hili vizuri. Kila asubuhi watumikaji walipewa sindano tano pamoja na mabomba yake. Tano tu! Hizo zilitumika kwa wagonjwa wa nje, kwa waliolala vitandani, na kwa mama wenye mimba. Baada ya kumchoma mtu mmoja, sindano ilisukuswa katika sahani ya maji ya moto kidogo, kiisha ikaenda kwa mwingine. Jioni, mara zingine, zilichemshwa. Kesho yake kazi ilianza tena.

MWEZI WA NANE, 1976

Tarehe 26 mwezi wa nane, mwalimu mmoja wa masomo ya misioni alikuja na homa. Alikuwa ametoka safarini. Walifikiri ni malaria, kama vile wewe na mimi tungefikiri. Alipigwa sindano ya klorokini na homa ikashuka. Baada ya siku chache ikarudi kwa nguvu, na mwalimu akafa mwezi wa kenda ulipoanza. Katika juma moja tu, watu wengine waliopigwa sindano hapo hospitalini walianza kuugua vilevile: homa kali, kuhara, kutapika, damu.

Masista waliita msaada. Kutoka Kinshasa alikuja munganga Jean-Jacques Muyembe, kijana Mkongomani msomi wa vijidudu. Alichukua damu ya wagonjwa kwa mikono mitupu, kwa kuwa glavu hazikuwako, na alinawa kwa sabuni na maji. Damu ya sista mmoja mgonjwa ilipelekwa Ubelgiji ndani ya termosi, na huko wataalamu, pamoja na Peter Piot, waliona kijidudu kisichojulikana bado. Walipotafuta jina, hawakupenda kukipa jina la Yambuku, wasije wakafedhehesha kijiji kwa siku zote. Walichagua jina la mto wa eneo hilo, Ebola, usiopita Yambuku yenyewe.

Kati ya watumikaji wale 17, waliugua 13, na 11 wakafa. Mwanzo wa mwezi wa kumi hospitali ilifungwa, kwani hapakuwa tena na mtu wa kuifungua. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo ugonjwa ulipoanza kupungua. Vijijini, wazee waliweka vizuizi njiani na kuwatenga wagonjwa. Katika mwezi wa kumi na moja ugonjwa uliisha. Walihesabiwa wagonjwa 318, na kati yao waliokufa ni 280.

Waliofanya uchunguzi waliuliza kila jamaa: mgonjwa wako alipatia wapi ugonjwa? Wagonjwa 85 walikuwa wamepigwa sindano katika hospitali ile. Wale ambao sindano ilikuwa njia yao ya pekee ya kuambukizwa, hakuna hata mmoja aliyepona. Tena waliona kwamba wanawake vijana walipigwa kuliko wengine. Kwa nini? Kwa sababu ndio waliokuwa wakienda kupimwa mimba, na kule walipigwa sindano. Walifuata shauri jema, walikwenda kulinda mtoto, na njia ile ile ikawaletea kifo.

KOSA LA NANI?

Hapo wengi wanasema upesi: «Basi, masista njo waliua watu.» Tusiseme hivyo. Masista wenyewe walikufa pamoja na wagonjwa wao. Hawakuwa na nia mbaya, hawakuwa wavivu. Walikuwa na kazi kupita nguvu zao, vyombo vichache, na desturi ambayo imedumu miaka mingi bila mtu kuona ubaya wake. Jana tumefanya vile na hakuna aliyekufa. Leo tufanye vile tena. Ndiyo njia makosa mengi ya hospitali yanapopitia. Mtu mwema, aliyechoka, mwenye chombo kimoja mahali pa kumi, na hakuna wa kumwambia «simama».

Kosa la namna hii halikubaki Yambuku. Katika miaka ya 1980 huko Kinshasa, watoto wenye malaria waliopungukiwa na damu walipewa damu isiyopimwa, na wengine walipata virusi vya ukimwi. Walitolewa katika kifo kimoja, wakaingizwa katika kingine. Mwaka wa 1995 Ebola ilitokea Kikwit. Mtumikaji mmoja wa laboratwari alipasuliwa tumbo, na watu wa chumba cha upasuaji waliambukizwa. Glavu na nguo za kujikinga zilikuwa chache. Waliougua walikuwa 315, na kati yao 80 walikuwa watumikaji wa afya. Masista sita Waitalia walikufa huko katika majuma machache. Hospitali ikikosa glavu, si mgonjwa peke yake anayekufa. Anayemtunza pia anakufa, na kesho utapeleka mtoto wako kwa nani?

SHIMONI TUNAJUA, HOSPITALINI TUNASAHAU

Sisi watu wa machimbo tunalijua jambo hili kuliko wengine. Uulize mzee aliyetumika chini ya udongo. Atakuambia: hakuna aliyeshuka bila kofia na lampu yake. Kila lampu ilikuwa na namba. Posti ikiisha, lampu zinahesabiwa, na ikikosekana moja, hawaendi nyumbani wakisema «labda amepita mulango mwingine». Wanamtafuta mtu. Kabla ya kulipua baruti watu wanahesabiwa. Hata kapita mwenye miaka 30 ya kazi hawezi kusema: «Mimi nimezoea, nisihesabiwe.» Sheria hizo ziliandikwa baada ya watu kufa, nazo ziliwekwa kwa sababu hata mtu mwenye akili anasahau akichoka.

Hospitalini pia inawezekana. Mwaka wa 2008 shirika la afya la ulimwengu, OMS, lilitoa karatasi moja kwa ajili ya vyumba vya upasuaji, yenye mambo 19 ya kuuliza kwa sauti. Kabla ya kulaza mgonjwa usingizi: wewe ni nani, unapasuliwa nini, upande gani, kuna dawa inayokudhuru? Kabla ya kukata: kila mmoja ataje jina lake na kazi yake. Kabla ya kutoka: tuhesabu vyombo, sindano na vitambaa, kisije kikabaki kitu tumboni. Ni maulizo mepesi, hata mtoto wa masomo anayaelewa.

Karatasi hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane za ulimwengu. Moja ilikuwa London, moja Toronto, na moja, furahi, msomaji, ilikuwa Ifakara, Tanzania, mahali watu wanaposema Kiswahili kama sisi. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2009. Mbele ya karatasi, kati ya wagonjwa 1.000 waliopasuliwa, walikufa 15. Baada yake, walikufa 8. Kwa hospitali zote nane pamoja, hawakupewa mashini mpya ya bei kubwa. Waliuliza na kuhesabu.

Sindano nazo zimebadilika. Leo kuna bomba linalojifunga lenyewe baada ya kutumiwa mara moja; hata ukitaka kulitumia tena, haliwezi. Mwaka wa 2015 OMS iliomba inchi zote zifuate njia ya mabomba yaliyo salama. Lakini bomba zuri halisaidii kitu kama liko dukani na wewe huna franga za kulinunua, ao kama linauzwa kwenye meza ya soko likiwa limefunguliwa.

WEWE UFANYE NINI?

Pengine unasema: «Mimi si munganga. Nitaweza nini?» Unaweza mengi.

Usiombe sindano kwa kupenda. Kama kidonge kinatosha, umshukuru munganga anayekupa kidonge. Dawa haipati nguvu kwa sababu inauma. Wale wa Yambuku wengi hawakuwa na lazima ya sindano hata kidogo.

Kama sindano ni ya lazima, uombe ifunguliwe mbele ya macho yako. Useme kwa heshima: «Mama infirmie, unisamehe, ningependa kuona karatasi yake ikipasuliwa.» Infirmie mwema hatakasirika. Na kama anakasirika, afadhali hasira yake kuliko ugonjwa.

Utunze fishi ya kila mtoto, usiiache hospitalini wala kufungia karanga. Kama dawa fulani iliwahi kumvimbisha ao kumkosesha pumzi, iandikwe juu kabisa, na uiseme kila mara kwa mtu mpya, hasa posti zinapobadilishana. Usiku aliyejua habari zako anakwenda kulala, na anayekuja hajui kitu.

Useme jina lote la mgonjwa wako, si «mama Kabwe» tu. Katika chumba kimoja mama Kabwe wanaweza kuwa watatu. Kabla ya dawa kuingia mwilini, jina liulizwe. Wasipoliuliza, ulitaje wewe.

Damu ikitakiwa, uulize: imepimwa ukimwi na magonjwa ya ini? Namna ya damu yake imelinganishwa na ya mgonjwa? Usikubali damu ya kununua kwa kificho kwenye mulango wa hospitali.

Uangalie mikono. Anayekuja kumgusa mtoto wako anawe kwanza. Na wewe unayelinda mgonjwa, unayepika na kumfulia, unawe pia. Kama bomba la maji limekauka, jamaa za wagonjwa wanaweza kushirikiana kuleta ndoo, kibakuli na kipande cha sabuni. Ni kitu kidogo, lakini Muyembe aliingia Yambuku akatoka mzima, na alichokuwa nacho ni sabuni na maji.

Nanyi watumikaji wa hospitali mnaosoma ukurasa huu, tunajua mishahara inavyochelewa na kazi inavyozidi. Hatuwashitaki. Lakini mwenzenu akikosea dozi, msifiche, wala msimpigie makelele mpaka aogope kusema mara ya pili. Kosa lililosemwa siku hiyo hiyo mara nyingi linaweza kutengenezwa. Lililofichwa linarudi kwa mgonjwa mwingine. Na wakubwa wanaolipa mishahara ya hospitali wajiulize: tumewapa watu wetu sindano ngapi leo asubuhi, na wagonjwa wako wangapi mulangoni?

Yambuku bado iko. Mto Ebola unaendelea kupita porini, na watu wa kule wanalima na kuzaa kama watu wote. Tangu mwaka wa 1976 Ebola imerudi katika inchi yetu mara nyingi, na Muyembe, mzee sasa, aliendelea kupigana nayo mpaka dawa zake zikapatikana. Lakini kwa ule ujinga wa sahani ya maji ya moto, dawa yake ilikuwako tangu zamani: kuchemsha, kunawa, kuhesabu, kuuliza. Juma hili, ukimpeleka mtoto kwa munganga, usiwe bubu. Uulize.